Kompyuta na Nidhamu: Ng'ombe 12 wa Yatima



Vijana wetu wa siku hizi husema kwamba kompyuta haikosei. Wazee nao husema kwamba kompyuta ndiyo iliyowaharibu vijana. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Mwamanyili, Wilaya ya Busega, katika Mkoa wa Simiyu. Elimu yangu ni ya chuo na ya shule ya msingi, wala sidai ubingwa wa mashine hizi. Lakini limenifika jambo lililonifundisha kuwa kauli zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kwamba zote zaitwika mashine mzigo usiokuwa wake. Nataka nikuelezeni jambo hilo kama lilivyokuwa, ijapokuwa sehemu kubwa ya aibu yake ni yangu mwenyewe.

MIRATHI ILIYOGAWANYWA KWA SIMU

Alifariki jirani yetu mmoja, Mola amrehemu, mtu wa ng'ombe na pamba kama walivyo wengi wa huku kwetu. Hakuacha mzazi aliye hai. Alimwacha mkewe, ambaye hakujaaliwa kuzaa naye, na ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Baada ya gharama za maziko kutolewa na madeni kulipwa, walibaki ng'ombe 24. Nikaitwa niwagawie kwa sheria.

Zamani ningekaa na kalamu na karatasi, na kitabu cha mirathi mbele yangu, nikaanza kwa maswali yale yale niliyofundishwa na mwalimu wangu: Ni nani wazazi wake walio hai? Ni nani wake zake, wa sasa na wa zamani? Ni nani watoto wake, wa nyumba hii na wa nyumba nyingine? Siku ile alasiri ilikuwa inakwisha na macho yangu yamechoka. Kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu, na ambaye sasa amemaliza sekondari, akanambia, "Maalim, usijisumbue. Nina programu ya mirathi katika simu yangu. Tutaingiza warithi, nayo itagawa yenyewe sasa hivi."

Nikamjibu, "Haya, mwanangu, ingiza."

Simu ikauliza idadi ya wake, akaandika 1. Ikauliza idadi ya wana wa kiume, akaandika 0. Ikauliza idadi ya mabinti, akaandika 0. Ikauliza ndugu, akaandika 1. Kufumba na kufumbua jawabu likatoka: mke robo, yaani ng'ombe 6; ndugu mabaki, yaani ng'ombe 18. Nikaipima hesabu ile kichwani mwangu nikaiona sawasawa. Nikaandika karatasi, nikatia saini, mashahidi wakatia zao, tukaswali Magharibi tukaagana.

Ilipopita miezi miwili simu yangu ikalia. Alikuwa mwanamke nisiyemfahamu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, binti yangu."

"Mimi niko Kahama. Nasikia mirathi ya marehemu imekwisha gawanywa. Nauliza tu, Maalim, mwanangu ameandikiwa nini?"

Nikashikwa na baridi. Marehemu alikuwa amemwacha mke wa kwanza miaka mingi kabla ya kuhamia mtaa wetu, na kwa mke huyo alikuwa na binti, ambaye sasa ana umri wa miaka 11 na analelewa na mama yake. Nikamwendea yule ndugu wa marehemu nikamwuliza kama alimjua mtoto huyo. Akanitazama kwa utulivu akasema, "Namjua, Maalim. Lakini hukuniuliza. Na simu haikuniuliza mimi." Kijana wangu naye aliwajua watu wa kaya ile tu.

Msomaji mwenye elimu ya faraidhi amekwisha tambua uzito wa jambo hili. Akiwapo binti mmoja, mke hapati robo bali thumni, yaani ng'ombe 3 katika 24. Binti hupata nusu, yaani ng'ombe 12. Ndugu huchukua mabaki, yaani 9. Basi kwa sifuri moja iliyobonyezwa kwa kidole yatima alikuwa amenyang'anywa nusu nzima ya mali ya baba yake, na chini ya karatasi hiyo palikuwa na saini yangu.

MASHINE HUJIBU INALOULIZWA

Je, kompyuta ilikosea? La. Iliambiwa kuwa hakuna binti, ikatoa hukumu ya pasipo binti, na hukumu hiyo ilikuwa sahihi kwa swali lile. Makosa yalikuwa ni yetu sisi tuliouliza.

Yafaa hapa tufahamu kompyuta ni nini, kwani wengi huidhania kuwa ni sanduku kubwa la ofisini tu. Simu iliyomo mfukoni mwa kijana wako ni kompyuta kamili. Kazi yake ni kupokea habari, kuzipitisha katika amri zilizopangwa hatua baada ya hatua, kisha kutoa matokeo. Haioni haya, haichoki, wala haina shaka. Na kwa kuwa haina shaka, haiwezi kukuuliza, "Je, una yakini?" isipokuwa mtu awe ameiandikia swali hilo kabla. Shaka njema, ile inayomfanya mtu arudi nyuma kutazama tena, ni kazi ya mwanadamu.

Mpango huo wa amri zinazofuatana wataalamu huuita algorithimu, na neno hilo limetokana na jina la Mwislamu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliishi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, na alikuwa miongoni mwa wanazuoni wa Baytul-Hikma. Vitabu vyake vya hesabu vilipofasiriwa kwa Kilatini, jina lake lilitamkwa Algoritmi, na kwa jina hilo watu wa Ulaya wakaziita kanuni za kuhesabu. Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilichoipa jina elimu ya aljebra inayosomeshwa katika shule zetu za sekondari.

Na katika kitabu hicho cha al-jabr, sehemu kubwa ni masuala ya wasia na mirathi: mtu amekufa, ameacha hawa na hawa, na ameusia hiki na hiki, basi kila mmoja apewe nini? Tazama basi! Elimu ambayo leo yaendesha mashine za dunia nzima ilikuzwa na mtu aliyeshughulika na suala lile lile lililonishinda mimi siku ile, nalo ni kumpa kila mwenye haki haki yake. Naye, kabla ya kugawa, alianza kwa kutaja ni nani waliopo.

Hiyo ndiyo nidhamu ya elimu, yaani kutotoa jawabu mpaka umelithibitisha swali. Wanazuoni wetu wa hadithi waliijua vizuri. Hawakuridhika kuwa maneno yanapendeza. Waliuliza yamepokewa na nani, kutoka kwa nani, na je, wawili hao walipata kukutana? Msimulizi mmoja dhaifu katika mnyororo aliweza kuidhoofisha habari nzima. Wanasayansi wa leo hufanya mfano wa hayo wanapopima mara nyingi, wakaandika walivyopima, na wakawapa wengine nafasi ya kuwakosoa.

YALIYOTUPATA TANZANIA

Msidhani kuwa kosa la namna hii ni la mwalimu wa kijijini peke yake. Taifa letu lilikwisha pata funzo lake zamani.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza. Matumaini yalikuwa makubwa, na baada ya muda hesabu za Serikali zikaingizwa katika mashine. Lakini waliojua kuiendesha kazi hiyo walikuwa wachache, na wengi wao wageni; matayarisho yalikuwa ya haraka, na hesabu zikavurugika. Fedha nyingi zilipotea, na ikabidi kurejea katika njia za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingizwa nchini kompyuta na vifaa vyake. Ilipofika miaka ya 1980 ndipo marufuku hiyo ikaanza kulegezwa kidogo kidogo.

Wako wanaolicheka jambo hili leo, wakisema kuwa tuliogopa maendeleo. Mimi sicheki. Nchi ilikuwa maskini, fedha za kigeni zilikuwa haba, na aliyeungua mkono hujitenga na moto. Lakini nionavyo mimi, tulikosea mara mbili, na makosa yote mawili yalitoka katika dhana moja. Kwanza tulidhani kuwa mashine ikija italeta utaratibu, tukaipokea kabla ya kuwatengeneza watu. Ilipoleta vurugu, tukadhani kuwa mashine ndiyo vurugu, tukaifukuza. Katika mara zote mbili macho yetu yalikuwa kwenye mashine, hali ya kuwa ugonjwa na dawa yake vilikuwa kwa watu: makarani waliofunzwa, daftari zilizo safi, na msimamizi anayetazama tena.

Sisi watu wa Usukuma tungepaswa kulijua hili kuliko wengine, kwa sababu ya mizani ya pamba. Katika miaka ya 1950 wazee wetu walinung'unika kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye mizani. Hawakuivunja mizani wala hawakusema kuwa pamba iuzwe kwa kukisia. Walijiunga katika vyama vya ushirika ili wawe na watu wao wenyewe wa kusimamia upimaji na uuzaji, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mizani ilikuwa ni chuma kile kile. Kilichobadilika ni jicho la aliyesimama mbele yake.

HATA WAKUBWA HUANGUKA

Kama mtu atasema kuwa hayo ni ya nchi changa, basi na atazame kwa wakubwa. Mwaka 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari ya Mars baada ya safari ya miezi tisa. Sababu yake haikuwa moto wala dhoruba. Programu ya upande mmoja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya ratili vya Kiingereza, na upande wa pili ukazisoma kana kwamba ni vipimo vya metriki. Kompyuta zote zilihesabu barabara. Hapakuwa na mtu aliyeuliza kwa wakati, "Ndugu, tarakimu hizi ni za kipimo gani?"

Na huko Uingereza yalitokea mabaya zaidi, kwani hapo walioangamia ni watu. Baina ya mwaka 1999 na 2015, wasimamizi wa posta ndogo ndogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kwa sababu mtambo wa hesabu uitwao Horizon ulionesha kuwa fedha zimepungua. Kasoro ilikuwa ndani ya mtambo wenyewe. Watu waaminifu walifungwa, wakafilisika, wakafedheheka mbele ya majirani zao. Walilia kuwa hawakuiba, lakini wakubwa waliamini maandishi ya mashine kuliko kauli ya mtu. Hata mwaka 2024 ndipo Bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria ya kuzifuta hukumu zao.

Sisi Waislamu aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu chetu, ya 282 katika Sura ya al-Baqara, ni juu ya kuandikiana deni. Ndani yake mna mwandishi anayetakiwa kuandika kwa uadilifu, na mna mashahidi. Hati peke yake haikuachiwa kazi yote. Pana mkono unaoandika na pana macho yanayoshuhudia. Yeyote atumiaye kompyuta kwa mali ya watu yampasa kuyakumbuka hayo mawili.

NIDHAMU YA NAFSI

Mpaka hapa nimesema juu ya nidhamu ya elimu. Lakini nidhamu hiyo haisimami bila ya dada yake, nidhamu ya nafsi. Siku ile ya mirathi sikukosa elimu. Maswali ya kuuliza niliyajua tangu ujana wangu. Nilichokosa ni subira. Nilitaka jambo limalizike. Mashine ilinipa njia ya mkato, na nafsi yangu iliyochoka ikaipenda.

Hapo ndipo ilipo hatari yake hasa kwa vijana wetu. Wazazi hunijia wakilalamika kuwa mtoto hukesha na simu mpaka usiku wa manane, na alfajiri haamki. Ndani ya simu hiyo hiyo mna programu ya nyakati za Swala, inayojua dakika ya Alfajiri ya Mwamanyili. Wenzetu wa kale walitaabika kuzipata dakika hizo. Ibn al-Shatir, mwanafalaki aliyekuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya huko Damascus katika karne ya 14, alitumia umri wake katika kupima jua na nyota na kutengeneza saa za kivuli. Leo kijana anayo elimu ya Ibn al-Shatir chini ya mto wake, nayo inaadhini, naye anaizima kwa kidole na kujifunika shuka. Simu yaweza kukwambia kuwa wakati umeingia. Kukuinua kitandani ukatawadhe, haiwezi.

Wala tusiwalaumu vijana peke yao. Mara ngapi sisi watu wazima tumetuma fedha kwa simu zikaenda kwa mtu mwingine? Kabla ya kuweka namba ya siri, simu hukuonesha jina la mpokeaji. Imekupa nafasi ya kutazama, nawe kwa haraka yako hukusoma. Kisha waenda kwa wakala ukipiga kelele kuwa mtandao umekuibia.

Basi kwa aliye na nidhamu, kompyuta humwongezea matunda. Mwanafunzi aliyezoea kudurusu atasikiliza humo visomo vya makari wakubwa na kujisahihisha. Mkulima atapata bei na habari za mvua, na mwenye duka ataona hesabu zake za mwaka mzima. Na kwa asiye nayo, humwongezea kasi ya kupotea. Kosa ambalo kwa kalamu lingemchukua saa nzima, na pengine angelitambua akiwa katikati, kwa mashine hulifanya kwa nukta moja, tena kwa maandishi mazuri yanayoaminika.

USHAURI KWA WAZAZI NA VIJANA

Kwanza, mtoto na ajue kuhesabu kwa kichwa na kwa kalamu kabla ya kuhesabiwa na mashine. Asiyejua hesabu hawezi kujua kuwa amepewa jawabu la upuuzi.

Pili, kila jawabu la mashine lenye kugusa haki ya mtu lisomwe tena na mtu wa pili ambaye hakuwapo lilipoingizwa. Mimi sasa nina daftari ya maswali ya mirathi, na kila swali hulisoma kwa sauti mbele ya jamaa wote, na kila mmoja hujibu kwa kinywa chake. Kisha ndipo kijana wangu huingiza katika simu, nami nikafanya kwa kalamu, na majawabu mawili yakalinganishwa.

Tatu, nyumba na iwe na saa ya kuweka simu chini, na saa hiyo imhusu baba na mama kama inavyomhusu mtoto. Baba anayemkemea mwanawe huku macho yake yako kwenye simu yake mwenyewe amekwisha shindwa kabla ya kufungua kinywa.

Nne, kijana mwenye kipaji asizuiliwe. Kutunga programu ni kazi ya kufikiri kwa utaratibu, nayo humfunza mtu unyenyekevu, kwani humwonesha kosa lake kila siku. Yule kijana wangu sikumfukuza. Yeye ndiye anayenisaidia kuwafundisha wanafunzi wakubwa faraidhi, kwa kalamu kwanza, kisha kwa simu.

MWISHO WA HABARI

Nimebaki na deni la kukwambieni mwisho wa ng'ombe wale. Niliwaita jamaa na mashahidi wale wale, nikaichana ile karatasi mbele yao, nikasema kuwa kosa ni langu kwa kuwa sikuuliza. Mjane, Mungu amlipe kheri, alirudisha ng'ombe wake 3 siku ile ile, bila ya neno. Ndugu wa marehemu ilimpasa kurudisha 9, lakini alikuwa amekwisha uza 12 mnadani na kubaki na 6. Akawatoa hao 6 wote, na akaahidi wawili wengine baada ya mavuno ya pamba. Ahadi hiyo aliitimiza. Ng'ombe wa mwisho nilimtoa mimi katika zizi langu, mtamba niliyekuwa nikimtunza kwa ajili ya shida za nyumbani. Sikulazimishwa na mtu. Lakini kalamu iliyotia saini ilikuwa yangu, na niliona kuwa funzo lisilogharimu kitu husahauliwa upesi.

Yule binti hakujua lolote katika hayo. Mama yake alipokuja kuwachukua ng'ombe, alifuatana naye, akasimama mlangoni pa madrasa akiwatazama watoto wakisoma. Nilimwuliza jina lake, na jina la baba yake, na kama ana ndugu. Alinijibu yote kwa adabu. Yalikuwa maswali mepesi mno, nami nilikuwa nimeshindwa kuyauliza.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, atupe subira ya kuuliza kabla ya kuhukumu, na azilinde haki za wasiokuwapo pale zinapogawanywa. Amin.